Wakimbiaji Kwenye Ukuta wa Ofisi ya Ardhi

Siku chache kabla sijastaafu, karani mmoja mgeni alinikuta nikigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, sikio nimelisogeza karibu. Akaniuliza, "Mama, kwani wewe ulisomea sanaa wapi?" Nikamwambia nilisomea kwa ufagio. Akacheka akidhani namtania. Sikuwa namtania. Shule niliachia darasa la nne, na kila picha na kila sanamu niliyosaidia kuchagua kwa majengo ya serikali hapa Eldoret, niliijulia kwa ufagio, ndoo na kitambaa. Ninyi mnaobaki kwenye kamati ndio nawaandikia. Mkikuta makosa ya kuandika, mlaumuni mwalimu wa darasa la tano. Huyo hatukuwahi kuonana.

Nilikuja mji huu kutoka upande wa Bungoma nikiwa na mtoto mmoja mgongoni na cheti cha ubatizo. Shangazi yangu alikuwa na chumba mtaa wa West Indies, akanipa kona. Nikapata kazi ya usafi kwenye ofisi za serikali, na siku ya kwanza msimamizi alinionyesha korido ndefu na kuniambia, "Hii sakafu nataka nijione sura." Saa nne alikuwa anajiona mpaka pua. Lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kuangalia sakafu, nilikuwa naangalia ukuta. Ulikuwa na mstari mweusi wa mafuta kutoka mlango mmoja hadi mwingine, kama mshipi. Penye benchi mstari ulikuwa chini, hapo ni vichwa vya watu waliochoka. Pasipo na benchi ulipanda juu, hapo ni mabega. Na kando ya mlango wa bwana mkubwa kulikuwa na alama za vidole vingi, watu wakijishikilia kidogo kabla ya kubisha. Nikasugua zote zikatoka. Baada ya mwezi zilikuwa zimerudi pale pale. Hapo nikajua ya kwamba ukuta wa serikali una watu wake, na watu hao wana shida zao, na hawaji kuangalia mapambo.

Aliyenifungua macho zaidi ni Mzee Barasa, mchora mabango wa ofisi. Yeye ndiye alikuwa anaandika majina kwenye milango na kuyafuta wakubwa wakihamishwa, na alikuwa anasema kufuta ndiko kunalipa zaidi kuliko kuandika, maana wakubwa hawakai. Alikuwa na brashi tatu tu, amezifunga kwa kitambaa chenye mafuta, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuzigusa. Nilimwomba moja siku moja nijaribu. Akaniambia, "Nafula, hata mama watoto hajawahi kuishika. Shika msasa."

Basi nikashika msasa miaka mingi. Alinifundisha kugonga. Ukuta mkavu unajibu, ukuta wenye maji unanyamaza. Alinifundisha kubandika karatasi ya nailoni ukutani kwa tepu, pande zote nne, na kuiacha siku mbili. Ukikuta matone ndani, rudisha rangi stoo. Hapa kwetu mvua ikianza mwezi wa tatu haijui kuaga, kwa hivyo kazi ya ukuta wa nje ni kuanzia Disemba mpaka Februari, na anayekuambia anaweza kupaka Julai muulize kama atarudi Agosti kubandua. "Rangi ni nguo," Mzee Barasa alikuwa anasema, "na ukuta ni mwili. Usimvalishe mtu suti na hajaoga." Alikufa kabla kamati haijazaliwa. Hakujua ananifundisha, alifikiri nampunguzia kazi.

Kaunti zilipokuja, majengo mapya yakaja, na ikatoka amri kwamba kila jengo la umma liwe na kazi ya msanii. Ikaundwa kamati. Mwenyekiti alikuwa Madam Chebet, mchoraji wa ramani za nyumba, mtu wa Elgon View, mtaa wa wenye pesa, gari lake linang'aa kuliko sahani zangu. Kanuni ilitaka mwanamke mmoja zaidi, na pia mfanyakazi mmoja wa ngazi ya chini. Walikuwa na mashimo mawili na hawakutaka kuongeza viti, wakanipata mimi, nikaziba yote.

Mkutano wa kwanza niliingia na birika. Nilikuwa nimeshamimina vikombe viwili Madam Chebet akasema, "Mama Nafula, kaa hapa karibu na mimi. Chai atamimina mhasibu." Mhasibu alimimina, akajaza mpaka kwenye sosa kwa hasira. Ile chai niliinywa yote. Sijawahi kumshukuru Madam Chebet kwa mdomo, basi namshukuru hapa.

Mara ya kwanza kufungua mdomo ilikuwa kwa ajili ya dispensari moja upande wa Moiben. Msanii mmoja kutoka pwani, kijana wa heshima sana, alituletea mchoro wenye minazi kumi na moja. Wenzangu wakasifu rangi. Mimi nikauliza, "Huu mti unamea wapi Moiben?"

Akasema kwa upole, "Mama, sanaa haina mipaka."

"Mgonjwa anayo," nikamwambia. "Mgonjwa amekaa hapo anangoja sindano. Anataka kuona kitu anachokijua."

Nilidhani watanifukuza. Badala yake Madam Chebet akatuma gari, mimi na huyo kijana tukaenda Moiben tukakaa kwenye viti vya plastiki mbele ya dispensari kutwa nzima. Akala mahindi ya kuchemsha, akapigwa na baridi, akaona mikebe ya maziwa imepangwa kando ya barabara inangoja lori. Akaichora hiyo mikebe, na ng'ombe mmoja anachungulia juu ya ua. Wakulima mpaka leo wanabishana huyo ng'ombe ni wa nani, na kuna watatu, kila mmoja anaapa ni wake.

Tangu hapo kamati ikawa na desturi yake. Kabla ya kupitisha mchoro, Mama Nafula anaenda na kiti anakaa pale watu wanapongojea, siku mbili, bila kusema kitu. Mchoro ukiletwa, nakala inabandikwa hapo, anakaa tena siku mbili. Nusu ya kazi yangu ilikuwa kukaa. Nimesikia mengi. Nimesikia mtu akimwambia mwenzake kwamba sanamu yetu ya chuma kilichojikunja, ile wasomi waliyoipenda, inafanana na baiskeli iliyokanyagwa na trekta. Nilipeleka hayo maneno kwenye mkutano vile vile yalivyosemwa. Na niliwafundisha wasanii waanze picha juu ya mabega, chini waache rangi ya mafuta nzito inayofutika. Picha inayoanzia magotini italiwa na migongo ya watu mwaka mmoja tu.

Sasa nije kwa ile iliyonishinda, kwa sababu nikiacha hii nitakuwa nimewaandikia uongo.

Ilikuwa ofisi ndogo ya ardhi, mpya, na kazi ikapewa Kiprono, mchoraji aliyekuwa bado hajafika miaka thelathini. Huyu alikuwa amechora mabango ya maduka na milango ya magari ya maziwa, huu ndio ulikuwa ukuta wake mkubwa wa kwanza. Akaleta wakimbiaji. Mnajua mji wetu, mji wa mabingwa wa mbio. Ukimwambia mtu achore chochote, anachora mkimbiaji. Benki, mkimbiaji. Hoteli, mkimbiaji. Duka la mbolea, mkimbiaji amebeba mbolea. Kamati ikasema, sawa, lakini tusiweke tena yule wa medali peke yake, tuweke wananchi wote wanakimbia.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaanza kujiona. Watu walikuwa wananipigia simu kuniuliza rangi. Nikasimama, nikasema, "Weka watoto. Weka na mama mwenye mzigo mgongoni, mtoto amemshika mkono. Huyo anakimbia kila siku kuliko hao wa medali." Wakapiga makofi. Tena nikamwambia Kiprono vumbi liwe jekundu zaidi, na anga nyuma liwe la rangi ya machungwa, jua likizama. Kijana akafanya kama nilivyosema, na alifanya vizuri. Watu kumi na tano kwenye ukuta wa kushoto, wote wanakimbia kuelekea mlangoni, misuli ya shingo imesimama, vumbi na anga vinawaka nyuma yao. Upande wa kulia wa mlango ulibaki mweupe mtupu.

Madam Chebet akaniuliza, "Mama, kiti kimeenda?"

Nikamjibu, "Hii haihitaji kiti. Hii naijua."

Andikeni hilo jibu mahali. Mkilisikia kwenye mdomo wa mtu, mnyang'anyeni kalamu.

Picha ikafunguliwa, watu wakaipiga picha kwa simu zao, Kiprono akabebwa na marafiki. Kama wiki ya tatu nilikuwa nafagia ua wa ile ofisi, nikaona mwanamke wa umri wangu anakuja na bahasha ya khaki kwapani. Akafika kwenye ule ukuta, akasimama, akageuka, akaenda. Baada ya siku mbili akaja tena, akageuka pale pale. Mara ya tatu nilimfuata na ufagio mkononi.

"Mama, ofisi iko wazi."

"Naona iko wazi."

"Sasa mbona unarudi?"

Akanyoosha bahasha kuelekea ukutani. "Hawa wanakimbia nini?"

Nikajibu kwa maringo, "Mbio. Si unajua ni wakimbiaji wetu."

"Na huyu?" Alikuwa anamwonyesha yule mama niliyeagiza mimi. "Mbio gani mtu anakimbia na mzigo mgongoni na mtoto mkononi na nyuma kunawaka? Ngai! Huyo ni mimi. Mtoto wangu alikuwa na sweta kama hiyo hiyo."

Ufagio ulinitoka mkononi. Mimi nilikuwa mji huu mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, watu walipochomewa nyumba na kufukuzwa kwa ajili ya kabila. Moshi niliunusa. Nilifungia majirani chumbani kwangu wasionekane, nikakaa mlangoni. Sikuwa mgeni wa kusema sikujua. Nilijua, na bado nilisimama kwenye mkutano nikaagiza mama mwenye mzigo na anga la moto, nikapigiwa makofi.

Jina lake ni Mama Njoki. Watu wake walikuja kutoka Mkoa wa Kati zamani, yeye ana duka la mbegu na sabuni. Yeye na mume wake walikimbia shamba lao mwaka ule, baadaye wakarudi wakajenga upya. Sasa mume alikuwa amekufa, na shamba lilikuwa bado kwa jina la marehemu. Ili liandikwe kwa jina lake, ilibidi aingie mwenyewe aweke sahihi mbele ya afisa, hakuna wa kumwekea. Na shemeji yake, ndugu wa marehemu, alikuwa ameshaanza kupita pale akipima kwa hatua.

"Nilikimbia kutoka kwa hilo shamba," akaniambia. "Sasa mnataka nipite chini ya kule kukimbia ndiyo niandikishwe?"

Nikamwambia, "Kuna mlango wa nyuma, mama. Nikupitishe jikoni, hutaiona hata kidogo."

Aliniangalia kama aliyetemewa mate. "Ile siku nilitokea mlango wa nyuma. Shamba langu nitaingilia mbele." Akaenda zake.

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwa Madam Chebet hata hajaweka mkoba chini. Nikamwambia ile picha ina makosa, na makosa ni yangu. Akaweka mkoba chini. Yeye ni Mkalenjin, na vurugu zile zilikuwa kati ya watu wake na watu wa Mama Njoki. Mwaka ule sijui alikuwa wapi, sikumuuliza. Mwisho akasema, "Kiprono amemaliza miezi miwili kwenye huo ukuta. Tuipake nyeupe?"

"Tumwite kwanza," nikasema.

Kiprono alikuja na hasira yake yote.

"Mama, si ni wewe uliniambia niweke mama na mzigo?"

"Ni mimi."

"Si ni wewe ulisema vumbi liwe jekundu?"

"Ni mimi."

"Na anga?"

"Na anga pia ni mimi. Sasa chukua kiti tuende."

Tukakaa uani siku mbili, mimi na yeye, kama nilivyopaswa kukaa mwanzoni. Vijana walikuwa wanapita wakicheka, "Ona huyu anafanana na anko wako!" Kiprono akaanza kuniangalia kama kusema, unaona? Nikamwambia, "Usiangalie vijana. Angalia mabenchi." Kulikuwa na mabenchi mawili, moja linatazama ukuta, lingine limeupa mgongo. Kwenye lile linalotazama ukuta vijana walikuwa wanajinyoosha. Lile lingine lilikuwa limejaa wazee, wamebanana, na mmoja amesimama kwa kukosa nafasi, wakati nafasi iko tele mbele yake. Mzee mmoja Mkalenjin alikaa akiangalia viatu vyake mpaka akaitwa.

Kiprono alikuwa mdogo sana mwaka ule, na kwao hakuna mtu aliyewahi kumwambia kitu. Jioni ya siku ya pili akaniuliza polepole, "Mama, kwani ilikuwa hivyo?"

"Ilikuwa hivyo."

Akautazama ukuta wa kulia. Halafu akasema jambo ambalo mimi na kamati nzima na digrii zao hatukuwa tumelifikiria. "Kwetu, mtu akitoka mbio anapokelewa. Hata akishindwa. Watu wanamngoja na kibuyu cha mursik, anakunywa yale maziwa, anavishwa sinendet shingoni, ule mtambaazi wa kijani, ndiyo mbio iishe. Mimi nimechora mbio halafu upande ule mwingine nimewacha ukuta mtupu. Hakuna mtu amewangojea."

Nikamwambia hilo aende akaliseme dukani kwa Mama Njoki, asiniambie mimi.

Mama Njoki alituona tukiingia, akaendelea kumpimia mteja mbegu za sukuma wiki, tena akampimia polepole. Tukangoja. Mteja alipotoka akamwangalia Kiprono kutoka kiatuni mpaka kichwani.

"Wewe ndiye ulinichora?"

"Ndiyo, mama. Sikujua ni wewe."

"Ulichora vizuri. Hiyo ndiyo shida."

Kiprono akamweleza habari ya kupokea. Angebadilisha anga liwe la asubuhi, vumbi liwe mahindi ya kijani, na ukuta wa kulia uwe na watu wamesimama na vibuyu. Mama Njoki alisikiliza akipanga sabuni. Mwisho akasema, "Weka hao watu. Lakini wawe wanatuangalia usoni, wasiangalie kando. Na mzigo unitue. Mtu hakaribishwi na mzigo mgongoni. Kwenu mnakaribisha mtu na mzigo mgongoni?"

"Hapana, mama. Tunamtua kwanza."

"Hata kwetu," akasema. Akampa soda. Mimi hakunipa.

Kabla sijamaliza hii, wacha niwashukuru watu wangu. Namshukuru Mzee Barasa kwa kuninyima brashi, angenipa ningekuwa mchoraji mbaya. Nawashukuru wasafishaji wenzangu walionishikia korido nikiwa mikutanoni. Wajukuu zangu wakipita mjini wanawaambia wenzao, "Hii ni ya Kukhu, nyanya yetu, na ile pia," na mimi siwakatazi kusema uongo mdogo kama huo. Nawashukuru wasanii wote niliowakalisha kwenye baridi. Lakini shukrani yangu kubwa ni ya mwanamke aliyegeuka mara tatu badala ya kupita akinyamaza kama wengine. Bila yeye ningestaafu nikiwa na sifa, na watu wangeendelea kubanana kwenye lile benchi.

Kiprono alirudia ukuta Januari, kukiwa kukavu. Alianza na watu wa upande wa kulia, tisa, wa kila kabila la hapa kwetu, wanaangalia moja kwa moja. Halafu akahamia kushoto, anga, kisha mahindi. Mzigo akauacha wa mwisho, akamtumia Mama Njoki ujumbe.

Alikuja asubuhi na bahasha yake. Kiprono akashuka kwenye ngazi, akampa brashi kwa mikono miwili.

"Mimi si fundi," Mama Njoki akasema. "Paka wewe, mimi niangalie."

Basi Kiprono akapanda. Akaupaka mzigo wote andakoti, ile rangi ya chini, ukawa doa jeupe mgongoni mwa yule mama. Mama Njoki alisimama hapo, hakukubali kiti changu, mpaka ikakauka. Kisha Kiprono akachora mgongo, bega, gauni likiteremka. Uani, hata wale wa benchi lililoupa ukuta mgongo walikuwa wamegeuka.

"Huo mgongo umeunyoosha sana," Mama Njoki akasema. "Mimi sikuwa nimenyooka hivyo."

Kiprono akageuka juu ya ngazi. "Niuinamishe, mama?"

Akafikiri. Ndani, karani alikuwa anaita majina.

"Wacha hivyo," akasema. Akaitoa bahasha kwapani, akaishika mkononi, akapita katikati ya wale wanaokimbia na wale wanaongoja, akaingia kwa mlango wa mbele.